Njumu za Mama

Mwaka huu nimechoka. Nalisema mapema ili anayesoma asije akasubiri uchangamfu ambao sina. Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Sumbawanga mjini, na tangu mvua zikolee, nikitoka shuleni sirudi nyumbani. Napanda bodaboda kwenda Pito kumwangalia mama, halafu ndipo narudi mjini kupika, kusahihisha madaftari na kulala nikiwa na tope kwenye kucha. Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni ya Kasesya mpakani, na tunaonana zaidi kwenye simu kuliko mezani. Watoto wako vyuoni. Aliyebaki wa kuchoka ni mimi.

Mama anaishi Pito peke yake, kwenye nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu baba. Ni mzee wa mwili mdogo na kichwa kigumu, na miguu yake ni midogo kiasi kwamba viatu vya watoto wa shule ya msingi vinamtosha. Mvua zilipokuwa zimeshika kasi alianguka. Alikuwa anashuka kwenda mtoni na ndoo, amevaa kandambili zilizolika hadi zimekuwa laini kama ulimi, njia ikamteleza, akakaa chini kwa nyonga. Alijiburuza hadi kwa jirani, na jirani akanipigia simu nikiwa darasani.

Hospitali walimpiga picha. Daktari alisema mfupa haujavunjika, ila ni mfupa wa uzee, na akianguka tena vibaya huenda asisimame. Aliyasema hayo akiniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayeendesha ile miguu. Mama alikuwa ameelekeza macho ukutani, amejitia hasikii. Tulipotoka nje, kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama nimekumbuka kumwambia jirani afungue mbuzi.

Ndipo kaka akaitisha kikao. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Dodoma, kwa hiyo kikao chenyewe kilikuwa simu iliyowekwa spika juu ya meza ya mama, na sisi wawili tumeizunguka. Kaka alitaka mama ahamie kwangu mjini siku ile ile. Alisema kwa upole, ila ule upole wa mtu ambaye tayari ameamua.

“Nikafanye nini mjini?” mama akauliza. “Nikae kwenye kochi niangalie mlango?”

“Upumzike, mama.”

“Nimekuambia nimechoka?”

Wakavutana mpaka salio la kaka likakaribia kuisha. Mwisho wakakubaliana, na mimi nilikuwa shahidi: mama abaki Pito, afanye kazi yake ya msimu, lakini akianguka tena, hata kama ni kwa kuteleza tu na kuinuka, basi. Anafunga mizigo anahamia kwangu, na nyumba na shamba vinabaki mikononi mwa baba mdogo, ambaye amekuwa akilimezea mate lile shamba tangu baba afariki. Mama alikubali. Alikubali haraka mno, mimi nikashtuka kidogo, lakini kaka aliridhika.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “wewe ndiwe macho yangu huko. Akianguka uniambie ukweli.”

Nikasema sawa. Hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi ya kuwa macho ya mtu.

Kwa wasiolijua shamba la Ufipa, nieleze kidogo kwa nini mama hakuweza kungoja ardhi ikauke. Huku kwetu mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikiwa zimerefuka na udongo ungali umelowa, watu huingia kupiga ntumba. Unakata ardhi kwa jembe pamoja na nyasi zake, unaipindua, unarundika duara, nyasi zikiwa ndani na udongo nje. Rundo linabaki shambani likioza taratibu kiangazi chote. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unayavunja yale marundo, unatawanya, unapanda ulezi au mahindi, na hapo ndipo unaona shamba limerudisha nguvu. Wengine hupanda maharage juu ya ntumba wakati huo huo, ili rundo lisikae bure. Ardhi ikikauka, jembe linadunda tu. Kwa hiyo kazi hii hufanyika wakati ule hasa ambapo mteremko unateleza na kila hatua ni kamari. Asiyepiga ntumba mwaka huu hana ulezi mwakani, na mama bila ulezi wake mwenyewe hana sababu yoyote ya kuendelea kukaa Pito. Hilo alilijua, nami nililijua.

Kaka alijitolea kulipa vibarua. Mama akamwambia kavu kavu kwamba vibarua hurundika udongo juu ya nyasi zilizosimama, ukija kuvunja unakuta nyasi zimekuangalia. Majirani angewaalika, hilo ni jambo la kawaida, unapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, wanakuja kulima. Lakini kwa mama, mwenye shamba asipokuwa shambani na jembe lake, walioalikwa hulima kwa macho na kunywa kwa midomo. Ilikuwa lazima awepo, na awepo amesimama.

Basi kazi ikawa kumtafutia kitu cha miguuni.

Nilianza na gambuti. Nilinunua mpya, nyeusi, zenye harufu ya duka, nikampelekea nikijiona mtoto mwema. Mama alizivaa, akatembea hadi kwenye mbuzi, akarudi, akazivua. Alisema ni nzito, zinanyonywa na tope, na zikiingia maji unabeba kisima. Nikamwambia azoee. Akaniangalia juu chini. Kesho yake nilipofika nilikuta amezipanga vizuri mlangoni, na kuku anataga katika mojawapo. Sikuwa na ubavu wa kubishana.

Siku ya Jumamosi nikampakia kwenye bodaboda, yeye katikati mimi nyuma nimemkumbatia, tukaenda mjini sokoni kwenye mitumba. Nilikuwa nimemchagulia raba zenye kamba. Mama hakuzitazama hata. Alikuwa amepiga magoti kwenye rundo la viatu vya watoto, anavigeuza kimoja kimoja na kuangalia nyayo, anapitisha kidole gumba chini yake kama anavyopima makali ya jembe. Akatoka na jozi ya viatu vya mpira wa miguu. Vilikuwa na rangi ya machungwa iliyobabuka na meno magumu chini. Kimoja kilikuwa na pengo.

“Hizi,” akasema.

“Mama, hizo ni njumu.”

“Najua ni njumu. Nimezikwangua tope kabla hujazaliwa.”

Muuzaji akaangua kicheko, akamuuliza bibi anacheza namba ngapi. Mama akamjibu kwamba anacheza beki. Mimi nilitamani ardhi inimeze, maana wanafunzi wangu wawili walikuwa pembeni wanachagua fulana na wameshaniona. Ila baada ya muda nilikumbuka kwamba baba alikuwa beki kweli. Katika ujana wake alichezea timu ya kijiji, na mama ndiye aliyekuwa akimsafishia viatu kwa kijiti. Njiani kurudi aliniambia kwa sauti ya juu, kushinda injini, kwamba mvua ikinyesha wachezaji wengine walikuwa wanaanguka ovyo, lakini baba alikuwa anasimama. Alisema hivyo tu.

Lile pengo lilihitaji fundi. Nilivichukua viatu siku iliyofuata nikampelekea fundi viatu wa karibu na stendi, ambaye hunitengenezea vyangu mwaka mzima. Alikata kipande cha tairi, akakichonga kikawa kijipande kinene cha mviringo, akakipigilia chini ya soli kwa misumari mifupi. Kisha kwa kuwa alikuwa na muda na mvua ilikuwa inanyesha, akapita kwenye meno yote yaliyokuwa yameanza kulegea na kuyagongea vijisumari vya kuyashikilia. Alipomaliza akanigeuzia soli niione. Vichwa vya misumari vilikuwa vinang’aa katika duara, kimoja katikati ya kila jino.

Niliikazia macho ile soli kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nilikuwa nimefundisha neno hilo wiki chache tu nyuma, kwenye kipindi cha jinsi maneno yanavyohama maana. Niliwauliza wanafunzi njumu ni nini. Wote walijibu kwamba ni viatu vya kuchezea mpira. Mmoja akasahihisha kwamba viatu ni viatu, njumu ni yale meno ya chini, lakini watu wamezoea kuita kiatu kizima kwa jina la meno yake. Yuko sahihi. Hata mtangazaji wa mpira akisema fulani ametundika njumu, hakuna anayefikiria meno, tunafikiria mtu ameacha kucheza.

Lakini kamusi ya shuleni ina maana nyingine, na naamini hiyo ndiyo ya zamani. Njumu ni nakshi ya madini au pembe inayopachikwa kwenye mbao: kasha la njumu, kiti cha njumu, vitu vya watu wa pwani wenye uwezo wao. Fundi anatoboa mti, anapachika kipande kinachong’aa, anakigongea kikae. Wanafunzi wangu hawakunielewa. Wameona sofa na makabati, kiti cha nakshi wamekiona kitabuni. Mmoja aliuliza urembo umefikaje kwenye tope. Kengele ililia kabla sijamjibu, na kusema kweli sikuwa na jibu.

Pale kwa fundi nilidhani nimeliona jibu, au nusu yake. Sidai kwamba najua neno lilipita njia gani. Nadhani tu kwamba viatu vya kwanza vya mpira vilipofika, vile vya ngozi vyenye vipande vilivyopigiliwa chini kwa misumari, mtu mmoja aliyewahi kuona kasha la pwani alivigeuza, akaona vichwa vya misumari vimepangwa, akasema zile ni njumu. Wengine wakalichukua. Neno likashuka kutoka kwenye kiti cha tajiri, likaingia chini ya unyayo. Nilimweleza fundi haya yote. Akasikiliza kwa adabu, akaniuliza kama nataka na kamba mpya.

Nilimweleza na mama nilipompelekea viatu. Yeye alisema kwa Kifipa angeviita viatu vya meno na mambo yangeishia hapo, kwamba watu wa pwani wana muda. Lakini alivichukua, akavigeuza, akapitisha kidole juu ya vile vichwa vya misumari. Nikaona amependezwa.

Tangu siku ile alianza kwenda shambani amevaa njumu, na soksi ndefu za baba zilizoraruka, na vitenge viwili. Ungemwona kwa mbali ungedhani ni mtoto aliyetoroka mazoezini. Majirani walicheka siku za kwanza, kisha wakazoea. Mke wa jirani, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia huku na ng’ombe miaka mingi iliyopita, alimwomba mume wake naye amtafutie. Huyu ndiye rafiki mkubwa wa mama. Hawana lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo hutaniana kwa Kiswahili kutwa nzima, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwenye lafudhi.

Na njumu zilifanya kazi. Nilimwona kwa macho yangu akishuka ule mteremko ulioniangusha mimi mwenyewe mara kadhaa. Anaweka mguu upande, anaukita, anasubiri kidogo, ndipo anahamisha uzito. Jembe linakuwa mguu wa tatu. Wakati mwingine nilisimama juu nimeshikilia mti, viatu vyangu vya ofisini vimejaa tope, namwangalia yule bibi akikata nyasi, akizipindua, akirundika, na ntumba zinaongezeka nyuma yake. Nilijivunia. Ni lazima niseme kwamba nilijivunia, kwa sababu nitakalosema baadaye si zuri.

Siku zikaenda. Kila jioni nilifika Pito, nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kunyanyua kichwa, nikachota maji ili asishuke mtoni, nikapasua kuni, nikaangalia miguu yake kama imevimba, nikarudi mjini gizani huku upepo wa milimani ukinipenya mifupani. Kila Jumapili kaka alipiga simu. Swali lake halikubadilika: hajaanguka? Nikajibu hajaanguka. Akashusha pumzi. Alikuwa ananishukuru kila mara, na kila mara shukrani yake ilinichosha zaidi.

Mkuu wa shule aliniita ofisini kwa ajili ya madaftari yaliyochelewa. Nilipata mafua yasiyoisha. Jioni moja nilisinzia kwenye bodaboda, dereva akasimama akaniambia, “Mwalimu, ukilala nitakuangusha, na mimi nina familia.” Tulicheka, lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu nikalia. Na katika kulia huko likanijia wazo, nikalisikia waziwazi kama mtu amelitamka: laiti angeanguka kidogo. Siyo kuumia. Ateleze tu, akae chini, ainuke, ili yaishe. Awe kwangu, kwenye kochi, aangalie mlango, na mimi nikitoka kazini nirudi nyumbani nilale. Nilimtakia mama yangu aanguke. Nilijaribu kulifukuza wazo hilo, lakini halikuondoka. Lilikuwa linapanda nami bodaboda kila siku.

Siku ya kuwaalika majirani ilipangwa Jumamosi, sehemu ya mwisho ya shamba, ile ya chini penye mteremko mkali. Mama alikuwa amepika kimpumu wiki nzima. Nilitaka kuwepo tangu asubuhi, lakini shuleni kulikuwa na mtihani na nikapangwa kusimamia. Nilifika alasiri, manyunyu yakianguka, na kazi ilikuwa imeisha. Shamba lote lilikuwa limejaa ntumba hadi chini, limependeza. Wanaume walikuwa wanakunywa chini ya paa la banda. Wanawake walikuwa jikoni.

Waliniona wakanyamaza. Kisha wote wakaanza kunisalimia kwa pamoja, kwa furaha iliyozidi kipimo.

“Karibu mwalimu, karibu, pole na kazi,” akasema yule mama wa Kisukuma, na akanishika mkono, akataka kunikalisha. “Bibi leo ametushinda wote. Tumemkuta yuko mbele.”

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto, amejifunga khanga safi. Asubuhi ile, kwa simu, alikuwa ameniambia amevaa kitenge chake cha kijani cha shambani. Nikatazama nje. Kile kitenge cha kijani kilikuwa kimeanikwa kwenye uzio, kimefuliwa, kinalowa manyunyu. Hakuna mtu Pito anayefua nguo wakati wa mvua, na mama ndiye wa mwisho wa kufanya hivyo. Njumu zilikuwa pembeni ya mlango, zimeoshwa zikatakata.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikachuchumaa mbele yake kuangalia miguu, kama kila siku. Miguu ilikuwa mizima. Kilemba chake kilikuwa kimelegea, nikasema nikifunge upya, na kwa kuwa alichelewa kukataa nikakifungua. Nyuma ya sikio, na kwenye mvi za kisogoni, kulikuwa na tope lililokauka. Mtu anayepiga ntumba hupata tope miguuni, mikononi, hata usoni. Kisogoni hupati mpaka uwe umelala chali.

Yule mama wa Kisukuma alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

“Wapi panauma?” nikauliza kwa sauti ya chini.

“Hapaumi.”

“Mama.”

“Hapaumi, nimekwambia. Nilianguka juu ya nyasi. Hawa waliniinua, nikamalizia mstari wangu.” Akavuta khanga magotini. “Nimeumaliza mwenyewe.”

Nilimpapasa nyonga juu ya khanga. Hakukunja uso. Nilimwambia asimame, akasimama. Nikamwambia atembee hadi mlangoni arudi, akatembea, taratibu, akarudi akakaa. Alikuwa mzima. Wale wanawake walikuwa wananiangalia mimi sasa, wote, na nikaelewa kwamba walikuwa wanayajua makubaliano yetu na kaka kama walivyokuwa wanayajua mambo yote ya nyumba ile. Walikuwa wamemvua nguo, wamemwosha, wamefua kitenge katikati ya mvua, ili mimi nisijue. Walinificha mimi. Siyo kaka aliye Dodoma, bali mimi, ninayekuja kila siku. Hilo liliniuma kuliko jambo lolote la msimu mzima, na sikuwa na haki ya kukasirika, maana walikuwa wamenisoma vizuri.

“Utasema?” mama akauliza. Hakusihi. Aliuliza tu, kama anavyouliza kama mvua itanyesha.

Nilichukua ndoo nikatoka kwenda kuchota maji.

Niliporudi watu walikuwa wameanza kutawanyika, na simu ilikuwa inaita. Kaka alikuwa anajua ni siku ya kualika, hakuweza kungoja Jumapili. Niliipokea nikiwa nimesimama mlangoni, maji yakinitiririkia mkononi. Mama alikuwa palepale kwenye kigoda, rafiki yake pembeni.

“Vipi huko? Kazi imekwisha?”

“Imekwisha.”

“Mama hajaanguka?”

Nilikuwa nalo neno mdomoni. Ameanguka. Lingetosha. Jumatatu ningekuwa na mama kwangu, na jioni zangu zingerudi mikononi mwangu. Lilikuwa ni kweli, na nilikuwa nimeahidi kusema kweli, na ndilo nililokuwa nimeliomba kitandani na viatu miguuni. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, tope bado liko nyuma ya sikio, anasubiri kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

“Hajaanguka,” nikasema.

Kaka akashusha pumzi ndefu. Akasema Mungu ni mwema, akanishukuru, akaomba azungumze na mama. Nikampa simu. Mama hujua kupokea simu lakini huamini kwamba Dodoma ni mbali, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya kuwafikia na wale waliokuwa bandani.

“Mimi mzima. Shamba limekwisha. Sikiliza, mwanangu. Mdogo wako amechoka.”

Nikasikia sauti ndogo ya kaka ikisema jambo.

“Hapana, hajaniambia. Ninamwona. Kila siku anakuja hapa anatembea kama mgonjwa. Wewe unapiga simu kuuliza mimi nimeanguka, huyu hujauliza. Chukua likizo, uje ukae Pito, uchote maji. Njumu nitakutafutia.”

Alimpa simu yule mama wa Kisukuma badala ya kunirudishia mimi, na huyo hakujua aifanye nini, akaizima. Hakuna aliyecheka. Mimi niligeukia nje kwa sababu sikutaka wanione, nikasimama naangalia ntumba zile mpaka macho yakatulia. Kaka alituma ujumbe baadaye kidogo, kwamba ataangalia ratiba ya likizo. Ratiba ya likizo ya kaka naifahamu tangu tukiwa vijana.

Nilipokuwa napanda bodaboda kurudi mjini mama alinifuata hadi barabarani, ameshika jembe kwa ajili ya kuegemea. Alinivuta mkono, akaniambia kwa sauti ambayo hajaitumia kwangu tangu niolewe, “Mama, kesho usije. Lala. Lala mpaka uchoke kulala.”

Nikamwambia asante, nitalala. Nilimaanisha. Njia nzima nilikuwa nawaza kitanda.

Kesho yake nilikwenda. Makubaliano yalikuwa bado yamesimama, kaka alikuwa Dodoma amelala usingizi wake, na mimi sasa ndiye pekee katika familia aliyejua kwamba mama anaanguka.